Kutoka Engozi hadi Chuo cha Ufundi: Wabebaji wa Wagonjwa katika Historia ya Mbarara na Nakivale

Utangulizi

Katika vilima vya Ankole na Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, mgonjwa aliyeshindwa kutembea alipelekwa hospitali kwa engozi. Kwa Kinyankole na Kikiga, neno hili hutaja ngozi au nguo ambayo mama humbebea mtoto mgongoni. Neno hilohilo hutumika kwa machela ya kijiji: kapu refu lililosukwa na kufungwa kwenye miti, ambalo wanaume waliliweka mabegani na kushuka nalo bondeni, huku wenzao wakifuata nyuma ili wawapokee watakapochoka.

Leo mtu aliyeumia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale hupelekwa Mbarara kwa gari la wagonjwa likipatikana, na kwa bodaboda lisipopatikana. Chombo kimebadilika, na safari ya siku nzima imekuwa ya saa chache. Lakini anayembeba mgonjwa bado, mara nyingi, hajui la kumfanyia njiani.

Insha hii inauliza: kwa nini watu waliobeba wagonjwa wa eneo hili kwa zaidi ya miaka 100 wamechelewa kufundishwa kuwahudumia kabla ya kufika hospitali? Jibu ninalolitetea ni kwamba wabebaji hawakukosekana wakati wowote. Walichonyimwa ni maarifa na cheti cha kuyathibitisha, na walinyimwa kwa sababu ya hadhi yao: walikuwa wanakijiji, wapagazi, wasaidizi, na sasa wakimbizi. Kwa hiyo mjadala wa leo kuhusu kumfundisha kijana wa Nakivale kazi ya mhudumu wa dharura katika chuo cha ufundi ni sura mpya ya historia ya zamani.

Chama cha engozi

Engozi haikuwa mali ya mtu mmoja. Kaya za kilima kimoja ziliungana katika chama, na kila kaya ilitoa mtu wa kubeba zamu yake ilipofika. Asiyeitika bila sababu alitozwa faini. Chama kilimbeba mgonjwa kwenda hospitali, kikambeba kurudi akipona, na akifariki kikamleta nyumbani azikwe kwao. Kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuzoea kukutana na kuchanga, vyama vingi vilianza pia kuweka akiba na kukopeshana.

Methali yetu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana yake mzigo ulio kichwani kwa mwingine huuoni uzito wake. Chama cha engozi kilikuwa njia ya kuhakikisha kwamba kila bega linaujua uzito huo, kwa sababu aliyebeba leo alijua kesho atabebwa.

Kuna ushahidi mzuri kwamba taasisi hii ilikuwa na nguvu kuliko ilivyodhaniwa. Hospitali ya Kisiizi, iliyoko wilaya ya Rukungiri na iliyoanzishwa mwaka 1958 katika majengo ya kiwanda cha kitani kilichokuwa kimefungwa, ilianzisha mpango wa bima ya afya ya jamii mwaka 1996. Mpango huo haukuanza kwa kuandikisha mtu mmoja mmoja. Ulijengwa juu ya vyama vya engozi, kwa kuwa tayari vilikuwa na wanachama, viongozi, daftari na desturi ya kuaminiana. Wataalamu wa hospitali waligundua kwamba wabebaji wa machela wanaweza kusimamia fedha za matibabu.

Hata hivyo, tuangalie kilichokosekana. Chama kilijua njia zote za mkato, kilijua kubadilishana mabega bila kuitikisa machela, na kilijua hospitali ipi inapokea usiku. Hakikufundishwa kuzuia damu inayotoka kwa wingi, wala kumlaza ubavuni mgonjwa aliyepoteza fahamu ili asipaliwe. Mafunzo ya namna hiyo yasingehitaji jengo jipya wala dawa ya bei kubwa.

Wapagazi na jeshi la utabibu

Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta ubebaji wa aina nyingine. Katika kampeni ya Afrika Mashariki, majeshi ya Uingereza yalitegemea wapagazi waliokusanywa kutoka makoloni yote ya jirani. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi hicho, Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi.

Ndani ya vita hivyo, mwaka 1917, Uganda iliunda kikosi cha utabibu cha Waafrika, African Native Medical Corps. Wengi wa askari wake walikuwa vijana waliosoma shule za misheni. Walifundishwa kufunga vidonda, kugawa dawa, kutunza wagonjwa katika hospitali za kambini, na kuwasaidia majeruhi waliokuwa wakihamishwa. Lugha iliyowaunganisha watu wa makabila mengi katika kampeni ile ilikuwa Kiswahili.

Kwa mada yetu, umuhimu wa kikosi hiki ni kwamba kilijibu mapema swali ambalo baadaye liliulizwa tena na tena: je, mbebaji anaweza kufundishwa utabibu kwa muda mfupi, akaufanya vizuri katika mazingira magumu? Kilijibu kwamba anaweza. Lakini vita vilipokwisha, maarifa hayo hayakugeuzwa kuwa kazi ya kudumu ya kuwahudumia raia njiani. Yaliingizwa hospitalini, na barabara zikaachwa kama zilivyokuwa.

Chuo cha ufundi kilichozaa madaktari

Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi katika kilima cha Makerere, Kampala. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14, na masomo yalikuwa useremala, ujenzi na umakanika. Baada ya muda mfupi yakaongezwa masomo mengine, na mwaka 1924 mafunzo ya utabibu yakaanza, yakishirikiana na hospitali ya Mulago. Chuo Kikuu cha Makerere tunachokijua leo kilianza hivyo. Kwa maneno mengine, shule ya kwanza ya udaktari katika Uganda ilikua katika chuo kilichoanza kwa randa na nyundo.

Wahitimu wa mwanzo hawakuitwa madaktari. Walipewa cheo cha msaidizi, hata pale walipofanya kazi ileile ya daktari katika wilaya isiyo na daktari mwingine. Ilichukua zaidi ya miaka 30 tangu 1924 hadi shule hiyo ikatambuliwa na baraza la madaktari la Uingereza. Kwa miaka yote hiyo, kazi ilitangulia na cheo kikafuata nyuma kikichechemea.

Kuna tarehe nyingine mbili ambazo huwa hazitajwi sana, lakini zinagusa moja kwa moja suala la chuo cha ufundi. Mwaka 1998 vyuo vya afya vya Uganda vya ngazi ya cheti na stashahada vilihamishwa kutoka Wizara ya Afya kwenda Wizara ya Elimu. Kisha sheria ya elimu ya biashara, ufundi na stadi ya mwaka 2008 ikaviweka katika mfumo mmoja na vyuo vya ufundi. Tangu hapo, kisheria, mwanafunzi wa uuguzi na mwanafunzi wa umakanika wakawa ndugu wa ukoo mmoja. Wako waliolalamika kwamba afya imeshushwa hadhi. Mimi naona ilirudi ilikozaliwa.

Nakivale: makazi ya muda yaliyodumu

Nakivale, iliyo kandokando ya ziwa lenye jina hilohilo, ilianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1960 ikatangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi. Wakazi wa kwanza walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Wakati ule eneo hili lilikuwa sehemu ya Ankole. Leo ni wilaya ya Isingiro, iliyojitenga na Mbarara mwaka 2005. Baada ya Wanyarwanda walikuja Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia na Waeritrea. Sasa makazi haya yana watu zaidi ya 150,000 katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Miji mingi ya Uganda haifikii idadi hiyo.

Sheria iliyowatawala wakimbizi kwa zaidi ya miaka 40 ilikuwa ile ya mwaka 1960 ya kudhibiti wakimbizi wageni. Jina lake linatosha kuonyesha nia yake. Mkimbizi aliwekwa makazini, na kutoka nje kulihitaji kibali. Chini ya sheria hiyo, kijana wa Nakivale aliyetaka kusomea utabibu Mbarara, mwendo wa kilomita zipatazo 60, alikabiliwa na mpaka mwingine ndani ya nchi iliyompokea.

Sheria mpya ya wakimbizi ya mwaka 2006 ilibadilisha mambo mengi. Iliruhusu mkimbizi kusafiri ndani ya nchi, kufanya kazi, na kutumia taaluma yake ikiwa vyeti vyake vinatambuliwa na mamlaka husika. Katika elimu ya msingi ilimpa haki sawa na raia. Katika elimu ya juu ya hapo ilimweka pamoja na wageni wengine. Hapo ndipo penye ugumu hadi leo. Mlango wa chuo uko wazi kisheria, lakini karo, vyeti vya shule vilivyobaki Bukavu au Bujumbura, na gharama ya kuishi mjini humfanya kijana asiufikie.

Mafunzo ya ufundi yaliyowafikia vijana wa Nakivale kwa wingi yamekuwa ushonaji, useremala, ususi, umakanika na kompyuta. Ni kazi za heshima, na zimelisha familia nyingi. Lakini ukilinganisha orodha hii na ile ya Makerere ya mwaka 1922, utaona tumesimama pale chuo kile kilipoanzia, kabla ya mwaka 1924 kufika.

Nililelewa Juru, na naomba kueleza tukio moja kwa sababu ndilo lililonifanya niandike insha hii. Nilipokuwa darasa la sita, jirani yetu, fundi wa baiskeli, aliangukiwa na mti aliokuwa akiukata, akavunjika paja. Usiku ule gari halikupatikana. Alipakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na kaka yake, upakiaji ambao vijana huuita mshikaki, mguu ukining'inia. Kila pikipiki ilipoingia shimoni alipiga kelele. Alipona, lakini mguu mmoja ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Kaka yake alitusimulia kwamba muuguzi aliyewapokea aliuliza swali moja tu: "Hamkuwa hata na vijiti viwili na kitenge?" Vijiti vilikuwapo, ule mti wenyewe ulikuwa umelala pale. Vitenge vilikuwapo, kila mama aliyekuja kutazama alikuwa amejifunga kimoja. Tulikuwa watu kama thelathini tuliomzunguka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefundishwa kufunga mfupa uliovunjika.

Funzo kutoka Pittsburgh

Huenda msomaji akadhani kwamba wahudumu wa dharura ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba huko walianza na watu wenye elimu kubwa. Historia inasema vingine. Katikati ya miaka ya 1960, mgonjwa katika mji wa Pittsburgh, Marekani, aliweza kubebwa na gari la polisi, akitupwa nyuma bila mtu wa kumshughulikia. Mwaka 1967 Daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa mbinu ya kumpulizia mtu pumzi na kumkandamiza kifua, alishirikiana na shirika la Freedom House kuanzisha huduma mpya ya gari la wagonjwa. Wanafunzi wake walikuwa Wamarekani weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana kazi, na baadhi hawakuwa wamemaliza sekondari. Walisoma kwa saa zipatazo 300, wakaingia barabarani. Wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa dharura wenye mafunzo kamili nchini Marekani, na mfano wao ukaigwa kwingine.

Mwisho wake nao una funzo. Mwaka 1975 halmashauri ya mji iliichukua huduma hiyo na kuanzisha idara yake. Wengi wa waanzilishi weusi walishushwa kazi au kusukumwa nje kwa mitihani na masharti mapya, huku waliokuja nyuma yao wakipandishwa. Kwa hiyo kufundishwa peke yake hakutoshi. Asiyekuwa na cheti kinachotambuliwa na kila mwajiri anaweza kunyang'anywa hata kazi aliyoianzisha mwenyewe.

Rukungiri, Kampala na Mbarara: kazi kabla ya cheo

Turudi kwetu. Mwaka 2008 kitengo cha dharura kilifunguliwa katika hospitali ya Karoli Lwanga, Nyakibale, wilayani Rukungiri, palepale penye vilima vya engozi. Kwa kuwa madaktari walikuwa wachache, wauguzi walifundishwa kumpokea mgonjwa mahututi, kumpima, na kumtibu wenyewe. Wauguzi hao walifanya kazi ambayo haikuwa na jina katika orodha ya vyeo vya serikali, na suala la kutambuliwa likawafuata kwa miaka, kama lilivyowafuata wahitimu wa Mulago zamani.

Karibu na wakati huo, watafiti mjini Kampala waliwafundisha watu zaidi ya 300, yaani polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, kutoa huduma ya kwanza kwa majeruhi wa barabarani. Walichaguliwa kwa sababu nyepesi: ndio waliokuwa wakiwabeba majeruhi tayari.

Mbarara, kwa upande wake, ilipata chuo kikuu cha sayansi na teknolojia mwaka 1989, kikianza na udaktari, na baadaye kikaanzisha mafunzo ya udaktari bingwa wa tiba ya dharura. Mwaka 2021 serikali ya Uganda ilitoa sera ya taifa ya huduma za dharura za matibabu, inayohusisha pia huduma anayopewa mgonjwa kabla ya kufika hospitali. Juu, basi, pamejengwa. Chini nako kuna wahudumu wa afya wa vijiji, walioanzishwa na mpango wa taifa wa mwaka 2001. Nakivale nako wapo, na wengi wao ni wakimbizi wanaojitolea. Kilicho chembamba ni daraja la katikati: mhudumu mwenye cheti au stashahada, anayekaa nyuma ya gari na mgonjwa kutoka kituo cha afya cha Rubondo hadi hospitali ya rufaa ya Mbarara.

Daraja hilo linahitaji pia lugha. Mtu anayesaidiwa Nakivale huenda ametoka Kivu, Burundi au Mogadishu, na dereva huenda ni Mnyankole. Maswali ya kwanza ya mhudumu, kama vile umeumia wapi, unapumua vizuri, mimba ina miezi mingapi, hayawezi kusubiri mkalimani. Mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Kijana wa Nakivale anacho tayari. Hicho si upungufu wa mkimbizi bali ni sehemu ya ujuzi wa kazi.

Hoja za upande wa pili

Wako wanaosema kwamba mafunzo mafupi ni hatari, kwa kuwa nusu ya maarifa humfanya mtu ajaribu asichokiweza. Hoja hii ina uzito. Mhudumu anayempa dawa mtu asiyepumua vizuri bila kujua sababu anaweza kumuua. Ndiyo maana ninatetea chuo, chenye mtihani, walimu na muda wa mazoezi hospitalini, na sitetei semina ya siku mbili inayoishia kwa fulana na picha ya pamoja.

Wengine husema kwamba mhudumu bila gari na mafuta hana faida. Nao wana haki kwa sehemu. Lakini historia ya engozi inaonyesha kwamba mafunzo yana kazi hata pale ambapo gari halijafika. Jirani yetu hakuhitaji gari ili mguu wake ufungwe. Aliuhitaji ufungwe kabla ya gari, au kabla ya pikipiki.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba wabebaji wa wagonjwa walikuwapo katika kila kipindi: kwenye vyama vya engozi, katika kampeni ya 1917, Mulago, Nyakibale, na leo kwenye bodaboda za Nakivale. Kila mara walipofundishwa waliweza. Na kila mara, kutambuliwa kulikuja miaka mingi baadaye au hakukuja.

Kwa hiyo, chuo cha ufundi kitakachofundisha wahudumu wa dharura kwa ajili ya Isingiro na Mbarara kingefanya vyema kuanza na watu wanaobeba tayari: mhudumu wa afya wa kijiji, dereva wa gari la wagonjwa, kijana wa bodaboda. Kiwape ngazi ya kupanda kutoka cheti hadi stashahada, kiwapokee raia na wakimbizi kwa karo moja, na cheti chake kitambuliwe popote mwenye nacho atakapokwenda, iwe Mbarara, Goma au Bujumbura. Mkimbizi anaweza kurudi kwao siku yoyote, na akirudi atakuta huko pia kuna vilima, mashimo ya barabara, na watu wanaovunjika miguu usiku.

Fundi yule bado anatengeneza baiskeli Juru. Huegemeza mguu wake mfupi juu ya tofali anapofanya kazi.